Rola shata za stima kwenye nyumba ya zamani: angalia dirisha kwanza, mota baadaye

Kabla hujaanza kuuliza bei za mota na rimoti, toka nje, simama mbele ya dirisha lako ulifungue. Linafungukia wapi? Kama nyumba yenu ni kama yetu hapa Nairobi West, bangalo ya mawe yenye madirisha ya chuma ya enzi zile, basi linafungukia nje, na hapo ndio stori ya shata inaanzia. Nasema hivi juu nimeongea na watu wengi wa kuuza hizi vitu tangu tuanze kukarabati nyumba ya wazazi, na karibu wote wanaanza na rimoti. Wanabonyeza, shata inapanda, wanabonyeza tena, inashuka polepole bila kelele, mama mwenye nyumba anatabasamu, deposit inaombwa. Dirisha lenyewe hakuna mtu ameliangalia.

Sasa naongelea shata za nyumba, si zile za chuma za maduka ya River Road ambazo zikifungwa mtaa mzima unajua saa ngapi imefika. Hizi za nyumba ni bapa nyembamba za aluminiamu, wanaziita slati, zinajikunja kwenye bomba ndani ya sanduku juu ya dirisha, mota yenyewe imejificha ndani ya hilo bomba. Ni teknolojia ya Ulaya, watu kama Somfy wa Ufaransa wako kwa hii biashara ya mota tangu 1969, na kule Ufaransa na Ujerumani dirisha la kawaida linafungukia ndani. Kwa hivyo nje ya kioo ni nafasi tupu, shata inateremka bila kugusana na chochote, unaweza hata kuacha dirisha wazi ndani na shata imefungwa nje usiku kucha.

Huku kwetu ni kinyume. Dirisha linasukumwa nje na grili iko ndani, na haiwezi kuwa vingine, juu grili ikiwa ndani dirisha litafungukia ndani vipi? Ukiweka shata nje ya dirisha kama hilo, lazima ufunge dirisha kabisa kwanza ndio shata ishuke, na siku mtoto amebonyeza swichi na dirisha liko wazi, shata inashuka juu ya frem ya chuma. Kama mota ni ile ya elektroniki yenye kuhisi kizuizi itasimama na kurudi juu kidogo, kama ni ile ya bei rahisi inaendelea kuachilia slati mpaka zinapindana hapo juu, na ukiita fundi anakuuliza kwani mlifanya nini.

Kwa hivyo ukweli ni kwamba shata kwenye nyumba ya zamani ya Nairobi ni kazi mbili, dirisha na shata, na kwotesheni nyingi zinakuonyesha moja tu. Sisi madirisha ya upande wa magharibi yalikuwa yameliwa na kutu hadi yalikuwa hayafungi, tulikuwa tunayatoa tu, hivyo tukaingiza ya aluminiamu ya kuslaidi na hapo shata ikawa na maana. Lakini kama madirisha yako ya chuma bado ni mazima (na yale ya zamani yakipigwa sandpepa na red oksaidi yanakaa miaka mingi kuliko haya tunanunua sasa), mimi singeyang'oa kwa ajili ya shata. Ningeweka pazia zito na kuendelea na maisha. Na ujue pia dirisha la kuslaidi linakupa nusu tu ya hewa uliyokuwa unapata, juu kioo kimoja kila saa kiko nyuma ya kingine.

Hewa ndio inanileta kwa jambo ambalo muuzaji hatalitaja kabisa. Angalia juu ya madirisha ya nyumba zetu za zamani, utaona zile venti, matundu ya hewa yasiyofungwa, saa zingine yako kwa frem yenyewe ya chuma na kifuniko cha bati, saa zingine ni matofali yenye matundu juu ya linta, ile simiti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Nyumba zilijengwa hivyo kwa makusudi. Sasa sanduku la shata linataka kukaa wapi? Hapo hapo! Fundi anaziba venti bila hata kufikiria, anapiga silikoni safi, na nyumba inakuwa kimya na joto kama chupa ya chai. Halafu Julai inafika, baridi ya Nairobi mnaijua, mtu anaingiza jiko la makaa ndani ya nyumba, shata zimeshuka, venti zimezibwa. Kaboni monoksaidi haina harufu na haina rangi, unalala tu na huamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyopatikana hivyo. Kwa hivyo kama venti zinazibwa, toboa zingine mahali pengine kwa ukuta huo kabla shata haijafungwa, na jiko libaki nje, shata ama hakuna shata.

Turudi kwa sanduku. Kuna mahali patatu pa kuliweka. Unaweza kulifunga nje juu ya ukuta, ama ndani ya uwazi wa dirisha chini ya linta, ama ndani ya chumba. Ya ndani ya chumba tuliitupa haraka, juu grili na pazia zingekaa wapi sasa? Ndani ya uwazi inaonekana nadhifu sana kwa picha lakini inakula mwanga: dirisha la urefu wa mita 1.2 likitumia slati ndogo za milimita 37 ama 39, sanduku lake ni kama milimita 137, kwa hivyo sentimita karibu 14 za kioo zimeenda, kila siku, hata shata ikiwa juu. Mlango wa kwenda veranda wenye urefu wa mita 2 na kitu unaongelea sanduku la 165 ama 180. Nyumba za zamani tayari ziko na giza, mimi sikutaka kupoteza hata kidole kimoja cha mwanga.

Tukabaki na nje, juu ya ukuta, na hapo ndio upenu wa paa unakuwa mgumu. Kwa bangalo nyingi za umri huu nafasi kati ya juu ya dirisha na siling ya nje chini ya mabati ama vigae ni ndogo. Pima kabla ya kulipa chochote. Fundi mmoja aliniambia, "Madam, si tunakata kidogo tu hapa juu, hii simiti haina shida." Hiyo "simiti kidogo" ilikuwa linta. Nikamwambia asante fundi, kunywa chai uende. Linta ndio imebeba mawe ya juu ya dirisha na kwa nyumba nyingi imeungana na bimu inayozunguka nyumba nzima, ukiikata ufa utaanzia kona ya dirisha na kupanda juu, na hakuna plasta itauficha. Kama sanduku haliingii juu, teremsha sanduku, ama usiweke shata kwa dirisha hilo. Basi.

Ni madirisha gani yanahitaji shata sasa? Si yote, na mtu akikupigia hesabu ya nyumba nzima ujue anahesabu pesa yako. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linakaa karibu na utosi mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini unapata jua kidogo miezi ya Juni, wa kusini Desemba, na hata wakati huo jua liko juu sana kiasi kwamba upenu wa kawaida unalizuia. Shida ni mashariki na magharibi, juu jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, linapita chini ya upenu linaingia moja kwa moja hadi kwa kiti. Sebule yetu inaangalia magharibi. Januari na Februari saa kumi jioni huwezi kukaa pale, kava za viti zilikuwa zimebadilika rangi upande mmoja. Na hapa shata inashinda pazia kabisa, hakuna ubishi: pazia liko nyuma ya kioo, jua likishapita kioo joto tayari liko ndani ya nyumba na wewe, lakini shata inalizuia nje kabla halijagusa kioo. Chagua rangi nyepesi, krimu ama nyeupe, nyeusi inapendeza kwa Instagram lakini inachemka. Vumbi jekundu litaonekana, utapangusa.

Kwa hivyo sisi shata zetu ni za sebule, chumba cha mama ambacho pia kinaangalia magharibi, na mlango wa veranda.

Mama ndiye aliuliza swali la maana kuliko yote, bila hata kuweka miwani. "Na stima ikipotea?" Muuzaji akaanza kusema sijui bateri sijui jenereta, mama akamtazama tu. Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, stima ilipotea nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza, na ikapotea tena nchi nzima kabla mwaka kuisha, hiyo ni mbali na zile za kawaida za transfoma ya mtaa kulia wakati wa mvua. Sasa fikiria uko chumbani, grili iko ndani, shata imeshuka nje, stima hakuna, na kuna moshi jikoni. Kwangu hili si jambo la starehe tena.

Kuna mota zenye mkono wa dharura, yaani kando ya dirisha ndani ya nyumba kuna kipete kidogo, unaingiza mpini wenye ndoano, unazungusha, shata inapanda taratibu. Hii huwezi kuongeza baadaye, lazima uagize mota ya aina hiyo tangu mwanzo juu kichwa chake ni kikubwa na gia yake ni tofauti, na sanduku lazima liwe na nafasi yake. Ni bei zaidi. Nilikata pesa kwa mambo mengine yote lakini hapo nililipa. Na mpini unakaa pale pale kwa msumari kando ya dirisha, si kwa droo ya jikoni chini ya mifuko ya plastiki. Grili ya chumba cha mama pia tulimwita welda akaikata kipande kikawa mlango wenye kufuli, ufunguo uko mahali mama anafikia akiwa kitandani. Shata bila hiyo grili ya kufunguka ingekuwa nusu ya kazi.

Waya sasa. Nyumba za umri huu ziko na mambo: fyuzi za waya kwa boksi la zamani, soketi bila athi (ule waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini), mahali pengine waya wa kuunganishwa kwa tepu na maombi. Mota yenyewe haili stima, dirisha la mita 2 kwa 1.2 shata yake ya slati zenye foamu ndani ni kama kilo 8 hivi, mota ya Newton mita 10 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) inaibeba na inakula chini ya wati 150 kwa sekunde chache, tokeni hutaona tofauti. Lakini iko nje ya ukuta, inanyeshewa, na iko ndani ya bomba la chuma, kwa hivyo athi si mapambo. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, abadilishe hilo boksi liwe na breka na kifaa cha kukata stima ikivuja, ndio uongelee shata.

Kitu kingine nimeona mafundi wanafanya kuokoa waya ni kuunganisha mota mbili kwa swichi moja ya kawaida. Usikubali. Mota moja ikifika mwisho na kujizima, ile nyingine inairudishia umeme kupitia kapasita, zinaanza kusukumana moja juu moja chini hadi swichi za ndani zinaungua. Kila mota iwe na swichi yake, na swichi iwe ile ambayo haiwezi kubonyezwa juu na chini kwa pamoja. Pia usishtuke ukicheza na shata mara kadhaa mfululizo halafu ikakataa, hizi mota zimetengenezwa kufanya kazi kama dakika nne tu kwa mfululizo, zikipata joto zinajizima, unasubiri zipoe. Watoto wa dada yangu walimtisha fundi hivyo siku ya kwanza, alidhani amechoma mota mpya.

Rimoti mama hataki. Alisema rimoti ya tivi kwanza haijulikani iko wapi. Tukaweka swichi ya ukutani kila mahali na rimoti moja ya mlango wa veranda, na hiyo nilisisitiza iwe ya kodi inayobadilika kila unapobonyeza. Zile za kodi moja isiyobadilika unajua vile watu wanakopi rimoti za geti kwa vibanda, dakika mbili umetoka na ya pili, sasa kama wewe unaweza kukopi na mwenye nia mbaya pia anaweza.

Kuhusu wezi watu wanaamini sana hizi shata. Kwa wale wa kuvua, wanaoingiza fimbo yenye ndoano katikati ya grili na kutoa simu na suruali ukiwa umelala, shata inamaliza kazi yao kabisa. Lakini slati za aluminiamu zenye foamu ni laini, mtu mwenye mkasi wa bati na muda atazikata. Ukitaka za usalama kweli kuna zilizotengenezwa kwa aluminiamu nene iliyosukumwa kupitia kalibu (wanaiita extruded), na Ulaya wako na madaraja yao, RC2 maana yake ilijaribiwa ikahimili dakika 3 za mtu mwenye bisibisi na koleo, RC3 dakika 5 mtu akiwa na mtaimbo. Dakika 3! Na hizo ni nzito, mota inakuwa kubwa, sanduku kubwa, bei kubwa. Kwa hivyo grili zetu hazikutoka na hazitatoka. Kitu kimoja tu hakikisha ni kwamba shata imeshikwa kwa bomba na zile klipu ngumu za kujifunga, si vipande vya utepe, ndio mtu asiweze kuisukuma juu kwa mikono kutoka nje.

Kelele? Tuko karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ndege ndogo zinaanza asubuhi na mapema, na wikendi baa za Nairobi West hazilali. Shata inapunguza kidogo, sauti nyembamba zaidi, ile besi ya saa nane usiku inapita kama kawaida. Mtu akikuambia utasahau uko wapi anakudanganya. Kilichosaidia zaidi ni madirisha mapya yenye raba.

Niliulizia pia zile za sola, zenye paneli ndogo na bateri yake, na kwa nyumba ya zamani zina mvuto juu hupasui ukuta kupitisha waya, na mawe haya ukiyapasua plasta ya zamani inabanduka vipande vipande. Shida ni paneli, kawaida inakaa kwa sanduku, na sanduku letu liko chini ya upenu, kivulini siku nzima isipokuwa hiyo jioni. Ingebidi kuisogeza juu ya mabati. Kwa dirisha la korido lililo mbali na boksi la stima naona tutafanya hivyo, mota yake pia inaendelea kufanya kazi giza likiingia.

Ukifika kwa kwotesheni, yangu zilitofautiana karibu mara mbili kwa vipimo vile vile, na tofauti ilikuwa kwa vitu ambavyo havijaandikwa. Muulize aandike aina ya slati na upana wake, mota ni ya kampuni gani na Newton mita ngapi, mkono wa dharura upo ama haupo, waya na swichi ni kwa nani, na kifuniko cha sanduku kitafungukia wapi. Hicho kifuniko ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Mota ikiharibika ama nyigu wakijenga ndani, na watajenga, fundi lazima afungue sanduku. Kwa jirani yetu fundi wa plasta alipita juu ya kifuniko vizuri sana, akapaka na rangi, sasa kila tatizo la shata ni tatizo la nyundo.

La jikoni tumeliacha na dirisha lake la chuma na venti yake. Lile la korido fundi atakuja kupima baada ya mvua kuisha, juu ukuta wa upande huo bado umelowa na silikoni haitashika.